Moshi wa Lewis si wa kuni, wala si wa makaa ya mawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe neno moja tu, ingawa kulisahihisha kutachukua aya kadhaa. Kumbukumbu za watu waliokulia vijijini Uskoti, zikisimuliwa kwa Kiswahili, hazikosi moshi. Moshi kwenye blanketi, moshi kwenye sweta ya shule, harufu ambayo mtu aliyehamia Glasgow au Kanada akiinusa tena uzeeni hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Mfasiri akifika hapo huandika "kuni". Mwingine huandika "makaa ya mawe". Wapo hata wanaoandika "samadi kavu", na hao sijui walikipata wapi.

Tuchukue kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, ambako Kigaeli bado kinasemwa. Vijiji vyake, kama Arnol, Bragar na Shawbost upande wa magharibi, au vile vya Ness kwenye ncha ya kaskazini, vimepangwa kando ya barabara, kila nyumba na kishamba chake chembamba. Mbele ni bahari. Nyuma ni nyika ya kinamasi inayokwenda hadi macho yachoke, na mti humo ni wa kutafuta. Kuni zitoke wapi? Makaa ya mawe yaliletwa kwa meli na yalitaka fedha mkononi. Kilichopasha nyumba joto, kikachemsha viazi na kukausha soksi ni mòine: udongo wa kinamasi uliokatwa vipande, ukaanikwa kwenye upepo, ukachomwa. Kwa sasa nitauita mboji ya kinamasi, au mboji tu. Mwishoni nina pendekezo.

Udongo huu unawaka kwa sababu, kusema kweli, ni mimea ambayo haikumaliza kuoza. Mingi ni sfagnamu, mmea mdogo laini unaofyonza maji kama sifongo. Ukifa ukiwa umezama kwenye maji yenye asidi na yasiyo na hewa, vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi yake vizuri, na mabaki hulimbikana kwa kiasi cha milimita 1 kwa mwaka. Ukuta wa mboji wa mita 2 basi ni akiba ya miaka ipatayo 2,000. Tabaka la juu ni la kahawia, nyuzinyuzi bado zinaonekana. Huwaka upesi na kwisha upesi. La chini ni jeusi na laini kama samli iliyoganda, na likikauka huwa gumu, zito, lenye moto mkali. Nadhani hapo ndipo wafasiri walipodhania makaa ya mawe. Vipande vidogo vigumu vya tabaka hilo vina jina lake, caoran, na ndivyo vilivyotafutwa alfajiri kuamshia moto.

Kila shamba lina ukingo wake wa kukatia, uliorithiwa pamoja na shamba lenyewe. Ukingo ni kama ngazi moja ndefu iliyonyooka nyikani: juu nyasi, mbele ukuta wima, chini mtaro. Kila mwaka ukuta unarudi nyuma kidogo. Kazi huanza mwishoni mwa Aprili kwa kuchuna gamba la juu, lenye mizizi ya nyasi na ya kile kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kiitwacho fraoch. Gamba la unene wa sentimita 15 hivi hukatwa kwa beleshi, kwenye utepe usiofika mita moja kwa upana, kisha hulazwa chini kwenye mtaro wa mwaka uliopita, majani yakitazama juu. Mtu asiyejua huona huo ni usafi tu wa mahali pa kazi. Gamba likilazwa kifudifudi halishiki. Mtaro hubaki kidonda cheusi, mvua hukichimba, na malisho ya kondoo hupungua. Likilazwa sawasawa, baada ya miaka michache huoni palipokatwa isipokuwa nyika imeshuka daraja moja. Kabla ya hapo mtaro uzibuliwe maji yapate njia, la sivyo mtu anayesimama chini atafanya kazi yake yote akiwa kwenye maji ya barafu.

Kuhusu tarehe hakuna ubishi. Ukikata mapema, baridi kali ya usiku inaweza kukuta vipande vingali vimejaa maji. Maji yakiganda hupanuka, na barafu ikiyeyuka kipande hubomoka kuwa chengachenga ambazo haziwezi kukauka tena kuwa kitu. Ukichelewa ukakata baada ya nusu ya Juni, mvua za vuli zitakuta mboji ingali nyikani. Mei ndiyo mwezi wenyewe.

Chombo cha kukatia ni tairsgeir. Kina mpini mrefu wa mbao, pahali pa kukanyagia kwa mguu, na chini yake bapa la chuma lenye ubawa uliotoka kwa pembe mraba, mfano wa herufi L. Siri yote iko kwenye hiyo L. Kipande cha mboji kina pande nne za wima. Upande wa mbele uko wazi kwa sababu ni uso wa ukuta. Upande mmoja wa ubavuni uko wazi kwa sababu kipande cha kabla yake kimeshatolewa. Zilizobaki mbili hukatwa na L kwa mkanyago mmoja. Kitakachokuwa bado kimeshika ni kitako, nacho huvunjwa kwa mkono na mtu wa pili aliyesimama mtaroni. Mkanyago mmoja, kipande kimoja. Anayekanyaga mara mbili anajichosha, na anayeinamisha chuma anaharibu ukingo: akiinamishia nje, ukuta unatoka kitambi na kila tabaka linampunguzia nafasi, akiinamishia ndani, anajichimbia chini ya miguu yake mwenyewe, na siku moja ukingo utashuka naye.

Yule wa mtaroni ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, ingawa picha hupigwa yule wa juu. Hupokea kipande kwa viganja viwili vilivyofunuliwa, kama anayepokea mtoto mchanga, kwa maana akikishika kwa ncha za vidole kitakatika. Kisha hukitupa juu ya nyika kitue kwa tumbo lake, kisitue kwa ukingo na kisipande juu ya mwenzake. Tabaka la kwanza hutupwa mbali kabisa, la pili karibu, la tatu hulazwa jirani na ukingo. Utaratibu huo ukikosewa, vipande vya chini, ambavyo ndivyo bora, hukosa pa kuanikwa.

Uzito wake unaweza kukokotolewa. Kipande cha sentimita 35 kwa 15 kwa 10 kina ujazo wa lita 5 na robo, na kwa kuwa kikiwa kibichi karibu asilimia 90 yake ni maji, kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikishakauka hakifiki kilo moja. Watu wawili wenye chuma kimoja, wakijua kazi, hukata vipande 1,000 kwa siku. Hesabu inayotajwa sana Lewis kwa nyumba moja iliyotegemea mboji peke yake ni vipande 15,000 kwa mwaka, yaani kama 40 kwa siku. Kwa chuma kimoja hizo ni siku 15 za kukata, na Lewis haikupi siku 15 kavu mfululizo. Ndiyo maana ilikuwa kazi ya ujima: vyuma vitatu, watu sita, leo kwenye ukingo wa huyu, keshokutwa kwa yule. Mwenye ukingo hulisha wote. Chai ilichemshwa palepale nyikani, ikafuatwa na mayai, mikate ya shayiri na jibini laini ya nyumbani, na nyumba iliyotoa chakula kibaya ilisemwa mwaka mzima.

Mpaka hapa watoto hawajaonekana, na ndivyo ilivyokuwa. Chuma ni cha mtu mzima. Kwenye siku za kukata mtoto alikuwa wa kuchota maji, kulinda moto wa chai na kukanywa asicheze karibu na ukingo. Zamu yake ilikuja wiki mbili au tatu baadaye, na hiyo ndiyo inayokumbukwa.

Vipande vikilala nyikani, upepo hutengeneza ngozi ngumu upande wa juu, lakini upande wa chini hubaki na unyevu. Kuna kipimo rahisi: shika kipande kwa ncha moja ukiinue. Kikipinda, kirudishe. Kikisimama kimenyooka, ni wakati wa kukiinua. Kuinua maana yake ni kusimamisha vipande vitatu au vinne vikiegemeana vichwa, upande ulio na unyevu ukielekezwa nje, na kingine kimoja kulazwa juu kama kifuniko. Kichuguu hicho huitwa rùdhan. Upepo hupita katikati, na kinachokausha mboji huko ni upepo zaidi ya jua. Ukiweka vipande vichache mno, dhoruba huviangusha. Ukiweka vingi, vya ndani hubaki tope. Ukichelewa kuviinua, nyasi humea kupitia kwenye vipande na ukivivuta vinakatika. Vipande 15,000 kwa vitano vitano ni vichuguu 3,000, na kila kimoja kinataka mgongo uinamishwe. Mwenye mgongo mfupi na unaoinama bila malalamiko ni nani? Mtoto.

Mwezi Juni huko jua huzama karibu saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na katikati hakuna giza la kweli. Kwa hiyo kazi ya nyikani ilikuwa ya jioni, baada ya shule na kabla ya usingizi ambao hakuna aliyeuharakisha. Nusu ya utamu wa kumbukumbu hizi, kwa maoni yangu, ni huo mwanga: mtoto anaruhusiwa kuwa nje saa ambayo wakati wa baridi angeshalala kitambo. Nusu ya uchungu ni visubi. Upepo ukivuma, hakuna. Ukitulia kwa dakika chache tu, wanapanda kutoka kwenye nyasi kwa maelfu, wanaingia masikioni, kwenye nywele, chini ya kola. Upepo uleule unaokausha mboji ndio unaowafukuza visubi, na siku tulivu ambayo mgeni angeiita nzuri ni siku mbaya kwa yote mawili.

Mboji ikikauka kabisa ina jambo la ajabu: hairudi kuwa tope. Mvua huilowesha juu tu. Hapo ndipo huletwa nyumbani, Julai au Agosti. Zamani wanawake waliibeba kwa matenga ya mgongoni, na wengi walifuma soksi huku wakitembea na mzigo. Baadaye yakaja malori na trela za trekta, na kupanda juu ya mzigo wakati wa kurudi kijijini ilikuwa haki ya watoto.

Nyumbani hujengwa cruach, rundo lenye umbo la mashua iliyopinduliwa. Ndani vipande hutupwa ovyo. Nje hujengwa ukuta wa vipande vilivyochaguliwa, vimelazwa kwa mshazari kama mifupa ya samaki, mteremko ukielekea nje ili maji yachuruzike yasiingie. Rundo lililojengwa vizuri hustahimili majira ya baridi bila paa. Lililojengwa na mvivu huonekana kufikia Novemba, limebonyea tumbo, na kila anayepita barabarani analiona. Kutoa vipande huanzia ncha moja. Anayechokoa katikati kwa sababu ni karibu na mlango atalibomoa lote.

Moto nao una kanuni zake. Mboji haipendi kupulizwapulizwa kama mkaa. Hupangwa ikisimama kuuzunguka moto, kwa kuwa ikilazwa na kubanana hufuka moshi tu. Usiku haukuzimwa. Makaa yalikusanywa katikati, yakafukiwa kwa majivu, na alfajiri yakafukuliwa yangali mekundu. Kitendo hicho huitwa smàladh, na bibi wa pwani au wa bara kwetu aliyefukia kaa la moto kwenye mafiga angekielewa bila mkalimani. Kwenye visiwa vya Wakatoliki vya kusini kilikuwa na dua yake, makaa yakigawanywa mafungu matatu kwa jina la Utatu. Lewis ni ya Waprotestanti wanaoishika Jumapili kwelikweli: mboji yote ya Jumapili iliingizwa ndani Jumamosi jioni, na mtoto aliyesahau kujaza ndoo alijua kwamba kesho yake hakuna wa kwenda nje kuifuata. Katika shule za zamani za nyanda za juu na visiwani kila mtoto alikuja na kipande kimoja kwapani kwa ajili ya jiko la darasa. Hiyo nayo hutafsiriwa "alibeba ukuni", na picha inayomjia msomaji ni ya mahali pengine kabisa.

Anayetaka kuona moshi huo ulivyokaa ndani aende Arnol, nyumba namba 42, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba nyeusi, taigh-dubh: kuta mbili za mawe bila saruji zilizojazwa udongo katikati, paa la nyasi, moto katikati ya sakafu, bomba la moshi hakuna. Watu waliishi humo hadi 1966. Katika nyumba za aina hiyo moshi ulipenya kwenye paa, na nyasi zilizolowa masizi zilishushwa zikawa mbolea ya viazi na shayiri. Kwa hiyo moshi haukuwa kero tu ya macho. Ulikuwa na kazi ya pili shambani.

Ndugu Mhariri, nisieleweke kwamba napigia debe uchomaji wa mboji. Udongo wa aina hii umefunika zaidi ya moja ya tano ya Uskoti na umeshikilia kaboni nyingi, na mwaka 2024 UNESCO iliingiza eneo la Flow Country, kaskazini mwa nchi hiyo, katika orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya mboji yake. Lakini kuna tofauti kati ya ukingo wa kijiji, wenye gamba linalorudishwa kila mwaka, na mashine ya trekta inayopasua nyika na kuikamua mboji kama soseji, ikiacha mipasuko inayonyonya maji ya eneo zima. Nyika ikishakauka, hewa huingia, na kile ambacho hakikuoza kwa miaka 2,000 huanza kuoza. Wanaozungumzia utoto wao Lewis mara nyingi hulaumiwa kwa jambo la pili wakati walichofanya ni la kwanza. Siwaondolei hesabu yote. Vipande 40 kwa siku ni vipande 40. Nasema tu vipimo visichanganywe.

Na jambo hili haliko mbali na wasomaji wako. Burundi imekuwa ikichimba mboji ya mabondeni tangu miaka ya 1970 kupitia shirika lake la ONATOUR. Rwanda imejenga mitambo ya umeme inayoichoma, wa Gishoma wilayani Rusizi na mwingine mkubwa zaidi Gisagara. Katika bonde la Kongo, watafiti walichora mwaka 2017 ramani ya kinamasi cha mboji cha kilomita za mraba zipatazo 145,500, wakakadiria kaboni yake kuwa tani bilioni 30. Gazeti lolote la Kiswahili litaandika habari hizi tena na tena, na litahitaji neno.

Pendekezo langu ndilo hili. Wanyarwanda wana neno lao la zamani, nyiramugengeri, na sioni aibu ya kuliazima pale habari inapohusu Rwanda. Kwingineko "mboji ya kinamasi" inaeleweka bila maelezo: msomaji anajua mboji, anajua kinamasi, na akili inaunganisha. Kama ni refu mno kwa kichwa cha habari, andikeni "mboji" na mlieleze mara moja kwenye aya ya kwanza. Kipande kimoja kiitwe kipande, kisiitwe tofali, maana tofali halikatiki mkononi likiwa bichi. Na yule mtoto wa Lewis aliyeinama saa tatu usiku kwenye mwanga wa Juni, msimwandikie kwamba alikuwa anaokota kuni.

Msomaji wenu,
Inverness, Uskoti